Kulipia Shahada Nyingine ya Kwanza Nchini England Ukiwa Tayari na Shahada

Tuanze kwa kuondoa utata wa maneno. Kwetu mtu akisema anasoma "shahada ya pili", wengi humwelewa kuwa anasoma uzamili. Mwongozo huu hauhusu uzamili, ingawa utaugusa. Unamhusu mtu aliyekwisha kuhitimu shahada ya kwanza, tuseme ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya biashara katika Chuo Kikuu cha Makerere, ambaye sasa anaishi England, pengine anafanya kazi ya kuhudumia wazee katika zile nyumba ambazo wengi wetu huziita "kea", na ambaye anataka kurudi darasani kusoma shahada nyingine ya ngazi ileile katika fani tofauti. Nimekaa na watu wengi wa namna hiyo wakijaza fomu, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni moja: mtu huchagua chuo kwanza, hupata nafasi, huwaaga wenzake kazini, kisha ndipo huuliza ada italipwa na nani. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Kwa mwenye shahada tayari, fedha za serikali hufuata kozi, na kozi zilizofunguliwa mlango ni chache na zinajulikana. Anza kwa kuutafuta mlango ulio wazi, kisha utafute chuo kilicho nyuma yake.

Ninaposema England ninamaanisha England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taasisi zao na kanuni zao, na ushauri wa jamaa yako aliyeko Glasgow, hata akiwa amesoma kozi ileile, unaweza kukupotosha kabisa.

Kanuni inayofunga milango mingi huitwa kwa kifupi ELQ (Equivalent or Lower Qualification). Ilianza katika mwaka wa masomo 2008/09, na maana yake ni kwamba mtu anayesomea sifa ya ngazi iliyo sawa na aliyonayo, au iliyo chini yake, kwa kawaida hapati mkopo wa ada. Watu wetu wengi hujikwaa katika mambo mawili. La kwanza ni kudhani kwamba shahada ya nyumbani haihesabiki kwa kuwa ilipatikana nje, inahesabika. La pili ni kudhani kwamba haihesabiki kwa kuwa ililipiwa na wazazi na si na serikali ya Uingereza. Hata hivyo inahesabika, kwa sababu kanuni hii inaangalia sifa uliyonayo bila kujali nani aliilipia. Ada ya juu kwa mwanafunzi wa ndani katika mwaka 2025/26 ni pauni 9,535, kwa hiyo kozi ya miaka mitatu isiyo na mkopo ni pauni 28,605 kabla hujanunua kitabu wala kulipa pango.

Wapo wanaoshawishika kuificha shahada ya zamani. Ninaomba jambo hili lisikilizwe kwa uzito. Fomu ya mkopo inauliza wazi kuhusu masomo uliyowahi kufanya, na kuandika uongo ni udanganyifu dhidi ya mfuko wa umma. Ukigundulika utadaiwa fedha zote, na katika taaluma kama uuguzi, ambako mtu husajiliwa baada ya uadilifu wake kuchunguzwa, unaweza kupoteza taaluma yenyewe. Isitoshe, mara nyingi shahada hiyohiyo unayotaka kuificha ndiyo itakayokupatia nafasi chuoni. Itumie. Omba nakala rasmi ya matokeo kutoka chuo chako cha nyumbani mapema, kwa sababu zinaweza kuchukua miezi kufika, na ikiwa jina lililo kwenye cheti halifanani na lililo kwenye pasipoti, jambo la kawaida kwa waliobadilisha jina baada ya ndoa, tayarisha cheti cha ndoa au hati ya kubadilisha jina. Chuo kikitaka kujua shahada yako inalingana na ipi ya Uingereza, tathmini hiyo hutolewa na Ecctis, taasisi iliyokuwa ikijulikana zamani kama UK NARIC.

Kabla ya yote hayo, hakikisha hali yako ya uhamiaji inakuruhusu. Kwa kawaida unahitaji kuwa raia, au kuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, na kuwa umeishi nchini kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kozi kuanza. Aliyetambuliwa kuwa mkimbizi ana kanuni nafuu zaidi. Mwenye viza ya kazi ya afya na huduma, hata kama analipa kodi kila mwezi, kwa kawaida hana haki ya mkopo huu mpaka apate ukaazi wa kudumu, na chuo kinaweza kumtoza ada ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo mara nyingi ni kubwa zaidi ya hiyo ya ndani. Kwa mtu wa hali hiyo ushauri wangu ni kutumia miaka ya kusubiri katika kukusanya sifa na akiba badala ya kukopa kwa ajili ya ada ya kigeni.

Sasa mlango ulio mpana kuliko yote: kozi za afya. Tangu tarehe 1 Agosti 2017 mwenye shahada anayeanza uuguzi, ukunga au mojawapo ya fani shirikishi za afya anaweza kupata mkopo wa ada na mkopo wa kujikimu kana kwamba hajawahi kusoma. Fani hizo ni pamoja na fiziotherapia, upigaji picha za mionzi na tiba ya mionzi, tiba ya usemi na lugha, lishe ya tiba, tiba ya miguu, utengenezaji wa viungo bandia, na kazi ya wataalamu wanaosaidia katika chumba cha upasuaji. Wengi huzijua uuguzi na ukunga tu, wakakimbilia huko wote. Ninawasihi waangalie orodha nzima, kwa kuwa mtu mwenye shahada ya fizikia kutoka nyumbani anaweza kufaa zaidi katika mionzi kuliko wodini.

Juu ya mikopo hiyo ipo ruzuku ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inayoitwa Learning Support Fund, ambayo hairudishwi. Hutoa pauni 5,000 kwa kila mwaka wa masomo. Mwenye angalau mtoto mmoja wa chini ya miaka 15 anayemtegemea huongezewa pauni 2,000, na anayesomea baadhi ya fani zenye upungufu wa watu, kama uuguzi wa afya ya akili, uuguzi wa watu wenye ulemavu wa kujifunza, mionzi au tiba ya miguu, huongezewa pauni 1,000. Mfuko huohuo hurudisha gharama za ziada za usafiri na malazi unapopelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo mbali na chuo, na una fungu la dharura kwa aliyekwama kweli. Fedha hizi haziji zenyewe: huombwa kwa ombi la peke yake, tofauti na lile la mkopo, na huombwa upya kila mwaka. Nimeona watu wakimaliza mwaka wa kwanza bila kujua kwamba ruzuku hiyo ipo, na jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka, kwa maana ni fedha ambazo zingewapunguzia zamu za usiku.

Mkopo wa kujikimu hutegemea mapato ya nyumba yako. Kwa mwaka 2025/26 anayeishi mbali na wazazi na nje ya London anaweza kupata hadi pauni 10,544, na aliyeko London hadi pauni 13,762. Kiwango cha juu hutolewa kwa nyumba yenye mapato yasiyozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Kwa mtu mzima aliyefikisha miaka 25, au mwenye ndoa, au mwenye mtoto, mapato ya wazazi hayaulizwi tena, bali huulizwa ya mwenzi anayeishi naye. Hapo mume au mke atakuta malipo yake ya ziada ya zamu yanapunguza mkopo wa mwenzake, na ni vyema jambo hilo lizungumzwe nyumbani kabla barua ya uamuzi haijafika. Wenye watoto waombe pia ruzuku ya malezi, inayoweza kulipa hadi asilimia 85 ya gharama za mlezi aliyesajiliwa, pamoja na posho ya wazazi wanaosoma. Kama familia inapokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, fahamu kwamba mkopo wa kujikimu huhesabiwa kuwa mapato hata usipouchukua wote, hivyo fanya hesabu ya vyote viwili kwa pamoja.

Marejesho huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Aliyeanza kozi kuanzia tarehe 1 Agosti 2023 huwekwa katika mpango wa tano wa marejesho (Plan 5), ambao humkata asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Muuguzi anayeanza kazi kwa mshahara wa takriban pauni 31,000 atakatwa asilimia 9 ya pauni 6,000, yaani pauni 540 kwa mwaka, au pauni 45 kwa mwezi. Akipungukiwa na kipato hakatwi, na baada ya miaka 40 deni lililobaki hufutwa. Aliyesoma shahada ya kwanza hapahapa kwa mkopo wa zamani hakatwi asilimia 9 mara mbili. Mikopo yote ya shahada za kwanza hukatwa kwa pamoja katika asilimia 9 ileile, kuanzia kile kizingiti kilicho chini zaidi.

Udaktari una hesabu yake, na ndio unaoumiza zaidi. Ukiingia katika kozi ya kawaida ya miaka mitano ukiwa tayari na shahada, unaweza kupata mkopo wa kujikimu, lakini mkopo wa ada haupo kwa miaka minne ya kwanza, na NHS huanza kulipa ada katika mwaka wa tano. Kwa ada ya 2025/26 hiyo ni pauni 38,140 kutoka mfukoni. Njia inayofaa ni ile kozi ya miaka minne iliyoandaliwa kwa ajili ya wenye shahada. Katika mwaka wa kwanza wa kozi hiyo unalipa mwenyewe pauni 3,465, na kiasi kinachobaki hulipwa kwa mkopo. Kuanzia mwaka wa pili NHS hulipa sehemu ya ada na mkopo hufunika iliyobaki. Ushindani wake ni mkali sana, na maombi ya udaktari hufungwa katikati ya Oktoba, miezi kadhaa kabla ya kozi nyingine, lakini tofauti ya fedha ni kubwa kiasi kwamba mtu mwenye shahada asiyeuangalia mlango huu kwanza anajidhulumu.

Kwa wanaotaka uhandisi, kompyuta, hisabati au sayansi, upo mlango mwembamba zaidi: kusoma kwa muda. Tangu mwaka 2015/16 kwa uhandisi, teknolojia na kompyuta, na tangu mwaka 2017/18 kwa sayansi kwa upana wake, mwenye shahada anaweza kupata mkopo wa ada kwa shahada nyingine iwapo anasoma kwa muda na si kutwa. Kozi ileile ikisomwa kutwa, mlango unafungwa. Chuo Kikuu Huria cha hapa, Open University, kimejengwa kwa ajili ya wanafunzi wa namna hiyo, na mtu huendelea na kazi yake huku akisoma jioni kwa miaka mitano au sita. Ni safari ndefu, na nisingemshauri mtu mwenye watoto wadogo na zamu za usiku aianze kabla ya kujaribu somo moja kwanza. Uliza pia kama masomo ya shahada yako ya zamani yanaweza kuhamishwa ili upunguziwe mengine, kwa sababu kila somo lililopunguzwa ni ada iliyookolewa.

Njia ambayo mimi naipenda kuliko zote, na ambayo watu wetu huifikiria mwisho, ni mafunzo ya uanagenzi yanayomalizikia katika shahada. Mwanagenzi ni mwajiriwa: analipwa mshahara, hatozwi ada hata pauni moja, na gharama ya chuo hubebwa na mwajiri pamoja na serikali. Kuwa na shahada tayari hakumzuii mtu, mradi mafunzo hayo yampe ujuzi mpya wa maana na yasiwe marudio ya anayoyajua. Uanagenzi wa uuguzi huchukua takriban miaka minne, na ipo pia hatua fupi ya miaka miwili ya kuwa muuguzi msaidizi aliyesajiliwa, ambayo humruhusu mtu kuendelea baadaye hadi uuguzi kamili. Ugumu ni kwamba huombi chuoni, unaomba kazi. Mtu aliye tayari ndani ya hospitali kama mhudumu wa afya ana nafasi bora kuliko aliye nje, kwa sababu nafasi nyingi hutangazwa kwa wafanyakazi waliopo kwanza. Kwa hiyo kama leo uko katika nyumba ya wazee na unatamani uuguzi, kuhamia hospitali kwa cheo hichohicho kunaweza kuwa hatua ya fedha iliyo muhimu kuliko fomu yoyote ya mkopo. Mweleze msimamizi wako nia yako kwa maandishi, na umwulize mwajiri huteua wanagenzi mwezi gani.

Kuna wakati jibu sahihi ni kwamba shahada nyingine haihitajiki. Anayetaka ualimu akiwa na shahada anahitaji mwaka mmoja tu wa mafunzo ya baada ya shahada, na mwaka huo hugharimiwa kwa mikopo ya kawaida kama ya shahada ya kwanza. Katika mwaka 2025/26 waliojifunza kufundisha hisabati, fizikia, kemia au kompyuta waliweza kupata pia ruzuku ya pauni 29,000. Anayetaka uwakili hahitaji kuanza upya shahada ya sheria, kwa kuwa mitihani ya kufuzu uwakili, iitwayo SQE, iko wazi kwa mwenye shahada ya fani yoyote. Anayetaka ustawi wa jamii aangalie mpango wa Step Up to Social Work, unaochukua miezi 14, unaowalenga wenye shahada, na ambao hulipa ada na posho. Hata uuguzi wenyewe una kozi ya miaka miwili ya ngazi ya uzamili kwa wenye shahada, na anayeisoma hupata mikopo ya namna ileile ya shahada ya kwanza pamoja na ruzuku ya NHS. Mwaka mmoja unaookolewa hapo ni mwaka mmoja wa mshahara kamili.

Kwa aliyebaki nje ya milango yote hiyo, kwa mfano anayetaka kusoma uhasibu au sheria kutwa, kuna jambo la kusubiri. Kuanzia kozi zinazoanza Januari 2027 utaratibu mpya unaoitwa Lifelong Learning Entitlement unachukua nafasi ya mikopo ya sasa. Kila mtu, hadi umri wa miaka 60, anapewa haki ya mkopo wa ada unaolingana na miaka minne ya masomo, yaani pauni 38,140 kwa viwango vya 2025/26, na kanuni ya ELQ inaondolewa. Badala ya kuuliza una shahada gani, utaratibu huu unaangalia ni fedha kiasi gani za mikopo ya serikali ulizokwisha kuzitumia, kisha unakupa salio. Aliyesoma hapa miaka mitatu kwa mkopo atabakiwa na takriban mwaka mmoja. Aliyesoma Dar es Salaam kwa ada iliyotokana na mashamba ya wazazi yuko katika hali tofauti sana, na simshauri auze kiwanja leo ili alipie kozi inayoanza Septemba kabla hajaiandikia Student Finance England, ofisi ya serikali inayoshughulikia mikopo ya wanafunzi, kuuliza salio lake litakuwa kiasi gani.

Fedha za mfukoni na za jamii zina nafasi yake, hasa katika kuziba pengo dogo. Vyama vya akiba na mikopo vya hapa hufanana na SACCOS za nyumbani, na riba zao zina ukomo wa kisheria. Upatu wa kina mama umesomesha wengi. Ninachosisitiza ni kupanga zamu yako iangukie mwezi wa kulipa ada na si miezi miwili baadaye. Mashirika ya hisani yapo, na Turn2us, ambalo lenyewe ni shirika la hisani, lina mahali pa kuyatafuta bure mtandaoni, lakini mengi hutoa mamia ya pauni tu. Ukikuta ushauri wa zamani unaokuelekeza kwenye mikopo ya maendeleo ya kitaaluma ya benki, upuuze, kwani mpango huo ulifungwa mwaka 2019.

Waislamu wengi miongoni mwetu huuliza kuhusu riba, na swali lao linastahili kujibiwa moja kwa moja. Mikopo ya serikali ina riba. Katika mpango wa tano riba hiyo inalingana na mfumuko wa bei. Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali mamlaka ya kuanzisha mfumo mbadala unaolingana na sharia, lakini mfumo huo bado haujaanza kutolewa. Wapo masheikh walioruhusu kwa hoja ya dharura na wapo waliokataa, na uamuzi huo ni wa mtu na anayemwamini katika dini yake. Kwa anayekataa mkopo wenye riba, uanagenzi ndio njia iliyo safi zaidi, kwa sababu hauna mkopo kabisa.

Ukishachagua mlango, fanya mambo kwa mpangilio huu. Andika kwa Student Finance England ukieleza shahada uliyonayo, mwaka na nchi uliyoipata, na jina kamili la kozi unayoitaka, kisha uliza kwa maandishi kama utapata mkopo wa ada, wa kujikimu, au vyote viwili. Jibu la simu halitoshi, kwa maana mpokeaji wa simu anaweza kukosea na wewe ndiye utakayebaki na deni. Omba nafasi kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu, kabla ya tarehe ya mwisho ya Januari kwa kozi nyingi. Jaza fomu ya mkopo mara dirisha linapofunguliwa majira ya kuchipua, bila kusubiri kuthibitishiwa nafasi, kwa kuwa chuo kinaweza kubadilishwa baadaye ndani ya ombi hilohilo. Usiache kazi mpaka barua ya kuonyesha kiasi ulichokubaliwa iwe mkononi mwako, na ukiacha, omba ubakie katika orodha ya wafanyakazi wa zamu za ziada, kwa sababu malipo ya kwanza ya mkopo huingia baada ya chuo kuthibitisha kwamba umesajiliwa, na wiki hizo za mwanzo wa muhula pango la nyumba haliwezi kuzingoja.